Mteremsheni Kapteni Haldane Kabla ya Jumatatu

Pelican Bend, Texas
Ijumaa asubuhi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vipindi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo kama unaye. Kama huna, nakuombea umpate upesi, maana mimi kesho natimiza wiki kumi na moja tangu niolewe, na sijui watu wasio na ndoa huamkia nini asubuhi.

Naitwa Corinne Stavinoha. Stavinoha ni jina la mume wangu, Wendell, na bado naliandika kwenye vipande vya karatasi bila sababu yoyote. Wendell yumo katika kikosi kinachopaka rangi minara ya maji, yale matangi makubwa yanayosimama juu ya miguu mirefu katika kila mji wa huku kwetu. Nikiuona mnara barabarani, moyo hunidunda. Jioni anarudi shingo ikimuuma, maskini, nami namkanda kwa mafuta huku nikiwaza dunia yote aliyoitazama kutoka kule juu. Kofia yake imejaa matone ya rangi nyeupe utosini, kama nyota. Nimekataa kuifua.

Nakuandikia kuhusu tamthilia yenu, Waliobaki Chini, inayosimulia maisha ya wake wa wanaanga wa kwanza. Tulianza kuitazama siku ile ile tuliyorudi kutoka fungate Galveston. Sina ugomvi na marinda, wala na zile nywele zilizoumuka kama mkate, wala na jiko la manjano la Lenore, mke wa Kapteni Haldane. Ugomvi wangu ni kwamba kila linalompata Kapteni Haldane humpata na mume wangu siku chache baadaye. Ushahidi ninao:

1. Katika sehemu ya pili, Kapteni alimletea Lenore maua bila sababu. Kesho yake Wendell akaniletea maua kutoka kituo cha petroli, bei ikiwa bado imebandikwa. Kile kikaratasi cha bei nimekihifadhi ndani ya Biblia. Najua hili si lalamiko. Nimelitanguliza ili uone kwamba natenda haki.

2. Katika sehemu ya tatu, Kapteni alisahau siku ya kuzaliwa ya mkewe. Yangu ilikuwa Alhamisi iliyofuata. Wendell alikumbuka saa kumi na mbili jioni, akatoka mbio, akarudi na keki pekee iliyobaki dukani. Ilikuwa imeandikwa: "Staafu salama, Gary, miaka arobaini kazini inatosha." Tuliila yote. Ilikuwa keki nzuri sana, lakini nadhani kosa ni lenu, na Gary naye mnapaswa kumwomba radhi.

3. Katika sehemu ya nne, mama mkwe wa Lenore alikuja kukaa siku nne akapanga upya makabati ya jikoni. Wangu alikuja akakaa siku tisa. Vijiko mpaka leo sijaviona. Naomba siku zijazo mama wakwe wa kwenye tamthilia wawe wanakuja mara moja kunywa kahawa, wanaondoka.

4. Sehemu ya sita ndiyo iliyonigusa. Mume akiwa angani, wake wa wanaanga wenzake wote wanakwenda kukaa na mkewe, kila mmoja na bakuli la chakula, na hawaondoki mpaka ateremke. Nilimwambia Wendell, hivi ndivyo ndoa inavyotakiwa kuwa. Basi kikosi kilipoanza mnara wa mji wa jirani, nami nilifungua mlango wangu nikaalika mtaa mzima. Siku ya kwanza walikuja wanawake kumi na mmoja. Nilitoka barazani nikamwambia mleta barua kwamba naona fahari na nina furaha kubwa, kama Lenore anavyowaambia waandishi wa habari. Akasema, "Sawa dada, weka sahihi hapa." Siku ya pili walikuja watatu. Siku ya tatu alikuja Bi Odette Pruitt peke yake, jirani yangu mwenye umri wa miaka sabini na minane, na nadhani alifuata kiyoyozi. Alikuwa na bakuli la viazi na jibini. Aliniambia, "Mwanangu, marehemu mume wangu alizibua mitaro ya vyoo miaka thelathini. Alikuwa chini ya ardhi kabisa, huko kwenye giza na uvundo, na hakuna mtu aliyeniletea hata biskuti." Nililia. Naye akasema, "Usilie, kula viazi."

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Katika sehemu ya mwisho, Kapteni Haldane yuko juu, taa nyekundu inawaka, parachuti haijulikani kama itafunguka, Lenore ameshika mkono wa simu, halafu nanyi mnazima kila kitu na kuandika kwamba mtaendelea mwakani. Mwakani! Jumatatu hii kikosi cha Wendell kinaanza mnara wa hapa hapa kwetu, futi mia moja na arobaini, mrefu kuliko yote aliyowahi kufanya. Nyapara wao, Bwana Kubena, amesema safari hii Wendell akionyesha uanaume wake atampa kikosi cha pili akiongoze mwenyewe, nasi tutaweza kupanga ile nyumba ya baraza lenye bembea. Lakini kwa ushahidi niliokwisha kuutoa, Wendell akipanda Jumatatu atakwama juu mpaka mwakani.

Ilinibidi nichukue hatua. Jumanne nilificha buti lake la kushoto. Akaniuliza, "Kori, kipenzi, nitaendaje kazini na buti moja?" Nikamjibu, "Ndiyo maana yake." Hakulitafuta kwa nguvu, mpenzi wangu. Alichungulia chini ya kiti mara moja tu, kisha akaketi tukala viazi vya Bi Odette vilivyobaki. Huo ndio upendo. Lakini jana Bwana Kubena alipiga simu na kufoka mpaka nikaiweka mbali na sikio: "Mwambie huyo bwana harusi, asipoonekana Jumatatu kikosi nampa Cletus!"

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba umteremshe Kapteni Haldane kabla ya Jumapili usiku. Dakika mbili zinatosha, baina ya utabiri wa hali ya hewa na mchezo wa besiboli. Aonekane tu amesimama mahali pakavu akimkumbatia mkewe. Kama parachuti ni tatizo, tumieni ngazi, ya kwetu ipo. Kama mwigizaji wenu ameshakwenda likizo, Wendell ukimtazama kwa nyuma anafanana naye kabisa, mabega yale yale, na atakuwa na nafasi mpaka Jumatatu. Na ikishindikana yote hayo, mwandikieni Bwana Kubena, kwa karatasi yenye muhuri wenu, kwamba kazi zote za juu zisimame mpaka mwakani.

Nisalimie wapiga picha wote, na mama anayeshona yale marinda, na hata yule bwana wa hali ya hewa aliyesema harusi yetu haitanyeshewa. Tulilowa chapachapa, na tumekwisha kumsamehe.

Wako katika furaha isiyopimika,
Bi Corinne Stavinoha (Stavinoha)

Baada ya kuandika: Nilimpa Wendell barua hii anisomee kabla sijaifunga. Aliisoma, akaketi ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi. Kisha akaniambia kwamba hajawahi kupita kipandio cha tatu cha ngazi yoyote. Yeye ndiye anayebaki chini. Anachanganya rangi, anashika kamba ya aliye juu, na anamtazama kutwa nzima, ndiyo maana shingo inamuuma na matone yanamwangukia utosini. Hataki kupewa kikosi cha pili, kwa sababu kiongozi lazima apande. "Siku ile tulipokutana dansini nilikwambia napaka minara," alisema, "ukanitazama kama vile tayari niko kileleni, Kori. Nikaona haya kushuka."

Buti nimemrudishia. Lilikuwa ndani ya tanuri, na nyuma yake nimevikuta vijiko. Jumatatu atakwenda kumwambia Bwana Kubena ukweli, na nyumba yenye baraza itasubiri. Kapteni Haldane basi mwacheni huko huko juu mpaka mwakani, hatuna haraka naye. Atakayepanda ni Cletus, ambaye hana mke wala televisheni, kwa hiyo ya Kapteni hayamhusu. Na zaidi ya hayo, kamba yake inashikwa na mume wangu.