Upepo wa Kumbebea Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Mei. Kitale.
Nimepata wazo. Agneta, mke wangu, ameniambia nisilipate.
Ni habari ya baba yake, Mzee Walubengo. Saratani imeingia kwenye mifupa. Wiki jana nilimtoa kwake juu ya Cheptais kwa Landrova yangu, nikampeleka hospitali Bungoma. Kila jiwe lilimpiga nyonga. Hakulia. Aliuliza tu, “Gikonyo, hili gari nimelikosea nini?”
Liliniuma hilo neno. Dawa ninayo. Kwenye mawe unapunguza upepo wa tairi, gari linatembea kama godoro. Ukifika kwenye lami unajaza tena. Unachohitaji ni mashine ya upepo humo humo garini. Khisa, shemeji yangu, ana moja ndogo ya betri. Nimeiona. Ya kujazia mpira wa watoto!
Alhamisi Mzee anarudi kliniki. Nimeahidi kumbeba kama yai.

Jumanne, 6 Mei.
Nimekwenda kwa Pauline anayeuza spea. Ameniwekea mbili juu ya kaunta. Ndogo inachomekwa kwenye betri. Ni ya polepole na inapata joto, lakini naondoka nayo leo na kuitumia leo. Kubwa inafungwa kwenye injini, inazungushwa na mkanda, na ina tangi lake. Lazima fundi aifunge. Akauliza ni tairi ngapi ninajaza kwa wiki. Nikauliza kama ile kubwa inaweza kupiga honi ya lori. Akasema inaweza, ila honi ya lori na mgonjwa wanahusiana vipi?
Pauline hana maono. Nimechukua kubwa. Na honi.

Alhamisi, 8 Mei.
Siku mbaya. Landrova iko kwa fundi Kibe, bonet imeegemezwa ukutani. Mashine haikai. Kibe amechomelea chuma, kimekatika, amechomelea kingine.
Agneta alilala kwao ili amwandae Mzee. Amepiga simu asubuhi. Ati baba ameketi mlangoni, ameshavaa koti. Nikasema niko njiani. Akapiga tena. Nikasema mtandao ni mbaya. Akasema ananisikia vizuri sana, na anasikia pia nyundo.
Khisa alikuwa amepeleka vitunguu Eldoret. Basi Mzee akapandishwa pikipiki, Agneta nyuma akimshika asianguke. Mvua ikawapata wakiteremka.
Wangenisubiri kidogo tu! Saa kumi honi ililia. Soko zima liligeuka.

Jumapili, 11 Mei.
Mzee amefariki alfajiri, hospitali Bungoma, walikomlaza tangu Alhamisi ile ya mvua. Mapafu.
Daktari amemwambia Agneta kwamba kwa ugonjwa ule asingefika mbali hata hivyo. Nimeyarudia maneno hayo kwa kila mgeni. Agneta hajayarudia kwa mtu.
Nimeomba nibebe jeneza kwa Landrova. Khisa amekataa katakata. Mama mkwe akasema mkwe ameomba mwenyewe, aachwe abebe. Khisa akanivuta kando. “Shemeji, siku hiyo hatutaki maajabu. Leta gari tu.”
Nitawaonyesha. Baba atapanda mlima wa Cheptais kama mfalme.

Ijumaa, 16 Mei.
Naandika nguo zikiwa bado na tope.
Kwenye mochari mchungaji alianza sala. Nikarudisha gari nyuma taratibu, kwa heshima, kiwiko kikagusa kamba ya honi. Ikakwama. Ililia sala yote. Mchungaji akapaza sauti, honi ikamshinda. Ilinyamaza upepo ulipokwisha tangini. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.
Mashine ikaanza kujaza tangi upya, ikanguruma kutoka Bungoma hadi lami ilipoishia. Pale nikapunguza upepo, tairi zote nne. Khisa, aliyetangulia na Mama mkwe, viti na turubai, alinipigia kusema inatosha nipunguze kidogo. Nikapunguza sana.
Na gari lilipanda! Ulaini wa ajabu. Nikamtazama Agneta. Alikuwa amegeuka, mkono juu ya jeneza, kama vile ananiuliza mbona ulaini huu umekuja leo.
Karibu na kwao tairi ikaanza kuchomoka kwenye rimu. Nikafungua upepo wa tangi nijaze. Mashine ikapiga yowe, ikakwama, mkanda ukakatika. Mkanda ni mmoja, na ndio unaozungusha maji ya kupoza injini. Kibe hakunieleza. Au alinieleza. Mvuke, kisha kimya, kisha mvua.
Mama mkwe alikuwa ameomba kitu kimoja tu: amwone mzee wake kungali na mwanga. Wanaume wa ukoo walikuja kwa miguu wakamtoa Baba, wakamweka mabegani. Mara mbili waliteleza. Nikajaribu kushika pembe moja, mtu akaushusha mkono wangu pole pole.
Walifika giza limeingia. Mama akamwangalia kwa tochi ya simu.

Jumamosi, 17 Mei.
Tumezika. Hotuba ziliwashukuru waliopika, waliochimba, waliobeba. Jina langu halikutajwa.
Baada ya chakula nikamkuta Khisa kando ya Landrova, na kale kamashine kake. Anajaza tairi zangu, moja baada ya nyingine. Kalichukua muda mrefu. Kalimaliza zote.
Agneta alikuja na sahani yangu. Akasema: “Baba akiwa mgonjwa alipanda pikipiki. Akiwa maiti alibebwa na watu. Hilo gari lako ulilitengenezea nani?”
Nikaipokea sahani, nikala.

Jumatano, 21 Mei. Kitale.
Agneta amebaki kwao. Nyumba ni kubwa. Nimepata nafasi ya kufikiri kwa kina, bila kelele, na ukweli nimeuona.
Tangi lilikuwa dogo.
Kibe anajua lilipo la lori. Tutaweka na mkanda wa pili, wa mashine peke yake. Hapo hakuna kitakachoshindikana.
Mama mkwe amevimba mguu, Jumatatu anatakiwa kliniki. Khisa amejitolea kumpeleka. Nimempigia Agneta nikamwambia wasithubutu, mkwe yupo. Akauliza gari liko wapi.
Liko kwa Kibe. Bonet wameitoa tu ili wapate nafasi.
Jumatatu litakuwa tayari. Jumanne likichelewa sana. Mguu si kitu cha haraka.