Siku Mpishi Alipouzuia Mkono Wake

Sogeeni mlio karibu, na mlio mbali tegeni masikio. Anayeosha vyombo na afunge bomba, anayebishana na jirani na auweke kando ugomvi wake, kwa maana nasimulia habari za vita vilivyopiganwa sebuleni, baina ya kabati la vyombo na cherehani, vita visivyomwaga damu ila vilimtoa mtu jasho kuliko mioto yote aliyowahi kuikoka.

Shujaa wa vita hivyo alikuwa mpishi wa kantini ya hospitali, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mkuu wa miiko, mtiisha majiko, ambaye watu wote walimwita Mama Funua. Jina hilo hakupewa bure. Hapakuwa na kifuniko kilichokutana naye kikabaki kimefunika. Sufuria yake aliifunua, ya jirani aliifunua, na kapu la mgeni alilifunua kabla mgeni hajavua viatu. Akiulizwa, alijibu kwa upole, "Natazama tu."

Mumewe alikuwa seremala, naye kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amejenga mashine ya kutotolea vifaranga: sanduku la mbao lenye taa za kulipasha joto, bakuli la maji la kulitia unyevu, kioo kidogo ubavuni cha kuchungulia, na juu yake kifuniko. Ole wa kifuniko hicho. Mara ya kwanza mayai yalipotiwa humo, vifaranga walipoanza kutoboa maganda, Mama Funua alifunua akatazama, akafunika, akafunua tena. Unyevu ukatoroka. Utando wa ndani ya mayai ukakauka, ukawabana vifaranga kama shati lililorudi baada ya kufuliwa, wala hakutoka hata mmoja. Alilizika jeshi zima nyuma ya jiko, na kwa muda mrefu hakuna aliyemsikia akiimba.

Mara hii ya pili mayai hayakuwa ya kawaida. Yalikuwa ya kuku kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, uzao ulioachwa na marehemu mama mkwe. Tangu bibi yule afariki, kuku wake walipungua mmoja mmoja hata akabaki tetea mmoja, naye akagongwa na pikipiki alipokuwa akivuka njia kwa maringo yake, akayaacha mayai kiotani. Yakiharibika hayo, nasaba imekatika.

Ikasadifu seremala akaitwa kwenda kupachika milango katika jengo la mbali. Akasimama kizingitini akanena, "Mke wangu, nakuomba jambo moja. Mkono wako ukae mbali na kile kifuniko mpaka mvuke uondoke kwenye kioo. Ukiuona umeondoka, ujue vifaranga wametoka na manyoya yao yamekauka, na hapo ufanye utakavyo."

Na kwa kuwa alimjua mkewe, alimpigia simu dada yake aje kulinda.

Akaja wifi mkubwa, matroni wa bweni la wasichana, mrefu, mwenye sauti ambayo vitanda hutandikwa kwa kuisikia tu. Aliweka mkoba chini, akatangaza, "Wifi, nimetumwa. Ukinyoosha mkono, nitaukamata."

"Karibu, wifi," akajibu Mama Funua. "Ukamate hata sasa hivi, maana unawasha."

Kwani asubuhi hiyo sauti zilikuwa zimekwisha kuanza. Ndani ya sanduku kulisikika tak, tak, kisha mlio mwembamba wa kiumbe ambaye bado yumo ndani ya yai. Kioo kilikuwa kimepandwa na mvuke, cheupe kama maziwa, hakionyeshi kitu. Mkono wa kulia wa Mama Funua ukaondoka pajani pasipo kuagizwa, ukatambaa juu ya meza kuelekea mashine. Akaukamata kwa ule wa kushoto, akaurudisha. Ukatoroka tena, safari hii kwa kisingizio cha kupangusa vumbi.

"Hivi hatutafika," akasema. "Mikono hii inataka kazi. Keti hapa chini, wifi, nikusuke."

Enyi majemadari, huo ndio uliokuwa werevu wa siku hiyo. Matroni akaketi juu ya zulia, kichwa kati ya magoti ya wifi yake, uso ukielekea mashine, na ule mkono uliozoea kuteka vifuniko ukafungwa gerezani katika nywele. Mstari kwa mstari wakasonga, wakisikiliza, hata jua likapita utosini na nusu ya kichwa ikawa imesukwa.

Ndipo akaingia adui mkuu, naye jina lake ni kimya.

"Wamenyamaza," akasema matroni.

"Wanapumzika. Kutoboa ganda ni kazi nzito."

"Nani kakwambia?"

"Kaka yako."

Wakakaa. Kimya kikajaza sebule kutoka ukuta hadi ukuta.

"Wifi," akasema matroni, na sauti yake ilikuwa imepungua kimo, "mimi nimelinda usingizi wa wasichana maisha yangu yote. Kimya cha kulala nakijua, na hiki sicho. Hebu funua kidogo."

"Wewe si umetumwa kunilinda?"

"Nilitumwa kulinda kifuniko. Sikutumwa kukaa nikisikiliza viumbe wakiisha."

Akainuka kwa nguvu zake zote. Lakini msuko ulikuwa bado mkononi mwa Mama Funua, naye hakuuachia. Matroni akarudi chini kwa kishindo, kitana kikining'inia sikioni. Akajaribu tena, akarudi tena.

"Niache. Mama alipofariki nilifika wamekwisha funika kaburi," akasema, bila kugeuka. "Hawa nao nitafika wamekwisha?"

Mama Funua akaukaza msuko. Kila kidole chake kilitaka lile lile alilotaka wifi yake. Kisha akanena polepole:

"Nisikilize, wifi. Hakuna aliye hai anayetamani kufunua kuliko mimi. Wale wa kwanza niliwaua mimi kwa kutazama tu. Niliwapenda, nikawatazama, wakafa. Leo hata kama ndani wamekwisha, nitakaa hapa mpaka mvuke utoke. Shika huu mkono wangu, nami nikushike nywele, tukae hivi."

Matroni akaushika. Wakakaa hivyo, na jasho la viganja vyao likachanganyika.

Jua lilikuwa likielekea kuzama ndipo ikasikika tak. Kisha ganda likapasuka, kisha mlio, kisha milio mingi yenye madai na malalamiko, kama foleni iliyochoka kusubiri. Hata hivyo mkono haukuondoka. Wakangoja zaidi, mpaka mvuke ukaanza kukatika pembeni mwa kioo, ukarudi nyuma kidogokidogo, na katika uwazi ule ikasimama shingo tupu, nyekundu, ikitafuta mwenye nyumba.

"Shingo ya mama," akasema matroni. Kisha akajirekebisha, "Ya kuku wa mama." Akafuta macho kwa upindo wa nguo.

Kioo kilipotakata chote, akasema, "Funua, wifi. Sasa ni haki yako."

Mama Funua akautazama mkono wake, uliokufa ganzi.

"Funua wewe," akasema. "Mimi leo nitatazama tu."

Matroni akafunua, na humo mlikuwa na manyoya, na joto, na kelele. Yapo mayai ambayo hayakutoboka, nayo yalitolewa kwa heshima zote.

Usiku huo matroni alikuwa bwenini kwake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Msichana mmoja akathubutu kuuliza kulikoni. Badala ya kumkaripia, matroni alivuta kiti, akawahadithia wote vita vile tangu mwanzo, pasipo kuficha aliyeshindwa na aliyeshinda. Hivyo ndivyo habari ilivyotoka sebuleni ikaingia katika historia za mataifa, na wanaojua mambo makubwa wakayajua na haya: kwamba palikuwa na mpishi aliyeweza kufunua, akataka kufunua, akaombwa afunue, akakaa.