Maneno Kumi na Mawili ya Fundi Cherehani

Mshauri hakuwa amesomea ushauri wowote, lakini alikuwa na koti, kalamu mbili mfukoni na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Kazi yake ilikuwa kuwaelimisha watu kuhusu hatari za kuweka sarafu za kidijitali kwenye pochi ya simu. Na aliwaelimisha kweli. Kila aliyemsikiliza aliondoka akijua kuibiwa kulivyo. Alibakiza mwezi mmoja tu aiache kazi hiyo. Mchumba wake alikuwa amemwambia waziwazi: fungua duka la halali, au tuachane. Akiba ya duka ilikuwa tayari, imelala kwenye pochi yake mwenyewe.

Asubuhi moja alipeleka suruali ipunguzwe kiuno. Alipokwisha kupimwa, akamsikia fundi cherehani, mama wa makamo, akimsimulia mteja mwingine jinsi bintiye anavyomtumia sarafu hizo kwenye simu. Suruali ikasahauliwa.

"Shikamoo mama. Hiyo pochi umeilinda lakini?"

"Marahaba, mwanangu. Yale maneno yake kumi na mawili ya siri nimeyaandika humu, kwenye daftari la vipimo."

Mshauri nusura apige vigelegele. Maneno hayo ndiyo ufunguo. Anayeyajua, pochi ni yake.

"Mama, utalizwa! Maneno hayo usimwoneshe mtu. Usiyapige picha, simu haina siri. Wala usiweke programu uliyopewa na mtu usiyemjua. Haya, lete daftari nikague."

Fundi akampa, kisha akageuka kutafuta pini. Alizitafuta kwa muda mrefu wa kutosha. Mshauri akapiga picha.

"Ila haifunguki kwa programu za kawaida," fundi akasema. "Binti yangu katengeneza ya kwake. Nikutumie?"

"Tuma, mama. Kwa ukaguzi tu."

Alipofika chumbani aliiweka programu ile kwenye simu, hata viatu hajavua. Ikamwomba ruhusa ya kuona picha zake zote. Mwenye njaa ya utajiri hasomi masharti, akaruhusu. Pochi ya fundi ikafunguka, tupu.

"Maskini mama wa watu," akacheka, akafungua pochi yake ajiliwaze. Nayo sifuri. Akazima simu, akaiwasha. Sifuri ileile.

Alirudi kwa fundi akikimbia, jasho linamtoka.

"Mama, umeniibia!"

"Mimi? Kwani maneno yako uliyahifadhi wapi?"

Mshauri akaitazama simu yake mkononi.

"Usiniambie uliyapiga picha!" Fundi akasimamisha cherehani. "Fundi viatu uliyemkagua mwezi jana ni mdogo wangu. Alinieleza koti lako, hata hizo kalamu mbili. Sarafu zake zimesharudi. Wengine uliowaliza, nitajie, nao warudishiwe."

"Na duka langu, mama? Mchumba wangu nitamwambia nini?"

Hilo lilimtoka kwa uchungu wa kweli, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huo. Fundi akamtazama, akashusha futi ya kupimia shingoni.

"Sogea nikupime upya, mwanangu. Vipimo vya asubuhi havifai tena, umekonda."