Kijiji Kilichobaki Nje ya Mstari Mwekundu

Jumanne, 2 Aprili 1974

Siku ya pili ya wilaya mpya. Jana mwenyekiti wa halmashauri alizindua ramani yangu ukumbini. Makofi. Imefungwa ndani ya kioo kwa skrubu sita za shaba. Mipaka yote mipya, mstari mwekundu, mkono wangu mwenyewe. Bwana Tattersall, karani mkuu, aliniuliza kama niliihakiki. Nikamjibu mara mbili. (Mara moja. Tuseme nusu. Nilikuwa na mafua.)

Nafasi ni moja, Karani wa Mipaka na Usafiri, na tunaoigombea ni wawili. Mimi, Lionel Sugden, wa ofisi ya zamani ya hapa Wharrow. Na Maureen Entwistle, ambaye mji wake ulikuwa mkoa wa Lancashire, mahasimu wetu wa jadi, mpaka Jumapili, Jumatatu ukaamka mkoa wetu wa Yorkshire bila kuulizwa. Hajasamehe. Anakuja na chai yake kwenye chupa. Anasema maji yetu yana ladha ya kondoo. Uamuzi ni Alhamisi ya wiki ijayo, kabla ya Pasaka. Atakayekosa atatafutiwa kitu, alisema Bwana Tattersall, huku akitazama mlango wa nje. Mama ameshawatangazia watu wote kanisani kwamba nafasi ni yangu.

Saa nne, simu. Bibi Ada Murgatroyd wa kijiji cha Ickerby. Gari la taka halikupita. Nikatazama orodha. Ickerby haimo. Nikawapigia majirani zetu, Halmashauri ya Ribbledene, upande wa Lancashire. Nao hawanayo. Karani wao akacheka: "Ickerby? Hao ni wenu, bwana. Kaeni nao."

Nikashuka ukumbini. Nikatazama. Muhtasari tuliopewa ulisema mpaka unafuata reli, hakuna zaidi. Pale Ickerby reli ni mbili: moja inapitisha treni, magharibi ya kijiji, nyingine, mashariki, iling'olewa miaka minane iliyopita. Mimi nilifuata iliyong'olewa. Ribbledene wamefuata yenye treni. Kijiji kiko katikati. Watu sitini na watatu hawamo Wharrow, hawamo Ribbledene, hawamo popote Uingereza!

Kesho namwambia Bwana Tattersall.

Jumatano, 3 Aprili

Sikumwambia. Alikuwa na kikohozi.

Ningeweza kusoma agizo lenyewe la mipaka kutoka London, kurasa mia mbili na kumi. Lakini liko kabatini kwake, ufunguo uko mfukoni mwake, na kuuomba ni kukiri.

Mpango bora: kufungua kioo, kusogeza mstari, kufunga kioo. Dakika tano. Wakati wa chakula cha mchana nikapanda kiti na bisibisi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ikagoma. Maureen akatokea na mkate wake wa jibini mkononi. Akauliza nafanya nini. Nikasema nafuta vumbi. Akaitazama bisibisi kwa muda mrefu. "Kwetu vumbi tunafuta kwa kitambaa, Lionel. Labda la huku limeshika kutu."

Bibi Ada alipiga tena. Anasema paka wamefika kwenye pipa kabla ya serikali. Nikamwahidi kesho.

Alhamisi, 4 Aprili

Niliomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Nikaenda kwa Mjomba Herbert. Anauza makaa ya mawe, na tangu mgomo wa wachimbaji uishe lori lake halipumziki, lakini alinipa mchana mmoja kwa sharti nisimwambie sababu. "Sitaki kujua, mwanangu. Ukikamatwa, uliliiba."

Mapipa ishirini na sita! Mvua ya upande. Ickerby imebanwa bondeni, na kila pipa liko juu ya ngazi, sijui kwa nini. Bibi Ada alisimama mlangoni na aproni yake. Miaka sabini na tisa, macho ya mwewe. Akauliza tangu lini wazoa taka wanavaa tai. Nikasema ndio utaratibu mpya. Akaniambia basi niichomeke ndani ya shati, imeshachovya kwenye maganda ya viazi. Kisha akanipa kipande cha keki. Nikamsihi asiandike barua ofisini. Akiwa na shida, anipigie mimi. Mimi tu. Akasema katika maisha yake yote serikali haijawahi kumwambia maneno hayo.

Jalalani walitaka fomu ya wilaya. Sina. Taka zote ziko kwenye banda la Mama la makaa. Ameuliza ni harufu gani. Nimesema upepo unatoka Lancashire. Ameridhika kabisa.

Jumamosi, 6 Aprili

Jana Bibi Ada alipiga kuhusu basi la soko. Kila Jumamosi linasimama Ickerby kwa fedha za halmashauri, sasa dereva ameambiwa Ickerby haimo kwenye karatasi yake. Jumatano alikuwa anajaribu njia mpya, wakamwona. "Tulimpungia mkono, wanawake tisa. Naye akatupungia!"

Kwa hiyo nikamwomba Mjomba lori tena. Wanawake tisa juu ya magunia ya makaa, magazeti chini yao, kofia za soko kichwani. Nilidhani watalia. Wakaimba nyimbo za kanisa mpaka mjini. Kwenye taa za barabarani Bwana Tattersall alikuwa anavuka na kabichi kwapani. Nikainama chini ya usukani. Lori likaendelea lenyewe kama mita kumi. Nyuma Bibi Ada akampigia kelele: "Tazama unakokwenda, baba!"

Tumerudi salama, nyuso zote nyeusi. Nikaanza kuomba radhi. Wakanikatiza. Basi la zamani halikuwahi kumfikisha mtu mlangoni kwake. Wameagiza la Jumamosi ijayo, saa moja mapema.

Jumatatu, 8 Aprili

Imekuwa kubwa. Jana baada ya ibada Ickerby walifanya mkutano. Wamegundua hakuna hata nyumba moja iliyoletewa karatasi ya kodi ya mwaka huu. Wakaunganisha mambo. Leo nimepata barua: "Kwa Serikali Yetu, Bw. L. Sugden."

Wanajua hawamo popote. Wamependa. Bibi Ada anaandika kwamba hofu yao ilikuwa moja tu, kupelekwa Lancashire. Kuliko huko, afadhali wabaki hivi hivi. Wanataka uamuzi wangu juu ya mambo matatu: banda la kuku la Seth Barraclough, taa ya barabarani iliyoungua, na kondoo dume anayelala kwenye kituo cha basi.

Niliisoma mara mbili. Halafu nikavuta muhuri. Banda: limeruhusiwa. (Sahihi nimeikoroga makusudi.) Taa: nitaleta balbu. Kondoo: abaki, kwa kuwa basi halipo. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri kwa dakika kumi na moja. Hakuna uamuzi wowote uliowahi kutoka kwenye meza yangu.

Maureen akaja kuazima gundi. Akatazama kucha zangu. "Huyo daktari wako wa meno anachimba makaa?"

Nikampa gundi yote.

Jumanne, 9 Aprili

Bwana Tattersall aliniita. Nikachukua koti langu kabisa. Kumbe ni habari ya kibao cha shaba! Jina la mchoraji litawekwa chini ya ramani kabla ya kikao cha Alhamisi. Alitaka kujua aandike Lionel kamili au L. tu.

Hapo akili ikawaka. Nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba kibao hicho si haki yangu. Kazi kubwa ilikuwa ya Bi. Entwistle. (Alipaka mabwawa rangi ya bluu. Mawili.) Bwana Tattersall akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Akasema vijana wa siku hizi hawana moyo kama huo. Akanishika bega!

Kosa likigundulika, mstari ni wake. Nina aibu. Nina aibu kubwa sana. Nimekula pai mbili.

Maureen alipoambiwa alinijia mezani. Akauliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu. Akasema mtu wa Yorkshire hajawahi kumpa mtu wa kwao hata mvua. Lakini shingo yake ilikuwa imeiva kwa haya, na kabla ya kuondoka akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Nzuri kuliko yetu, Mungu anisamehe. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nikamwomba sukari.

Alhamisi, 11 Aprili

Kamati nzima ukumbini. Kibao kinang'aa: M. Entwistle. Nimesimama nyuma, karibu na mlango, kwa tahadhari.

Mjumbe mmoja akauliza Ickerby iko upande gani, maana ana binamu huko anayejigamba kwamba hana serikali. Kicheko. Bwana Tattersall hakucheka. Akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, akaufuata, akasimama. Akasema: "Bi. Entwistle, mstari wako umefuata reli isiyokuwepo."

Maureen akawa mweupe. Akageuka, akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Vina makaa.

Agizo la London likaletwa. Bwana Tattersall akavaa miwani, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti. Pale Ickerby mpaka utafuata reli ya zamani, kama ilivyopita kabla ya kung'olewa.

Akasoma tena. Mstari ni sahihi. Waliokosea ni Ribbledene! Ickerby ni ya Lancashire tangu siku ya kwanza, na ni Ribbledene waliopaswa kuzoa taka zake. Mwenyekiti akatangaza kwamba kati ya makarani wote wa wilaya mbili ni Bi. Entwistle peke yake aliyekuwa makini kiasi hicho. Makofi. Nafasi ni yake, papo hapo, bila kura.

Mstari wangu! Reli yangu! Nilifungua mdomo. Nikakiona kibao. Nikaufunga.

Jambo nililojifunza: unyenyekevu unaua.

Maureen alinisubiri penye makoti. Akasema yeye alipaka mabwawa mawili, na anajua vizuri mstari ni wa nani. "Pale nilipokutazama, nilikuwa nasubiri useme neno moja tu. Moja, Lionel. Hata kama mstari ungekuwa mbovu, ningesimama na wewe." Akavaa glavu, akaenda.

Mama ameniomba nisionekane kanisani Ijumaa Kuu.

Nimetafutiwa kitu. Dawati la Malalamiko, chini ya ngazi.

Jumanne, 16 Aprili

Siku ya kwanza ya Malalamiko. Barua ya kwanza imetoka Ribbledene, na wamekasirika. Wameipokea Ickerby, wamekuta wakazi wakaidi. Wanadai wana serikali yao. Wanadai usafiri wa lori la makaa. Wanaonyesha kibali cha banda la kuku chenye muhuri wa Wharrow na sahihi isiyosomeka. Bibi Ada Murgatroyd, alipoulizwa mwenye sahihi hiyo ni nani, alijibu kwamba yeye hachongei watu, ila alikuwa kijana mwenye adabu kuliko wao wote. Ribbledene wanataka mhusika apatikane.

Bwana Tattersall amenikabidhi uchunguzi mimi. Ananiamini tangu lile jambo la kibao. Anataka ripoti leo leo.

Maureen alipita akaisoma barua begani kwangu. Akasoma mpaka "makaa", akatazama kucha zangu. Halafu akasema kwa upole kwamba nimwendee Bwana Tattersall nimweleze, ni ngazi kumi na nne tu, na yeye yuko tayari kupanda pamoja nami. Nikamshukuru. Ana haki. Nikamwambia nitapanda mwenyewe. Nikafika ngazi ya sita.

Nikarudi nikaandika ripoti. Mshukiwa: mwanamume mrefu, mnene, miaka hamsini na kitu, masharubu mekundu, koti la kijani, anachechemea mguu wa kushoto. Nilijivunia sana kule kuchechemea. Mtu hawezi kubuni jambo kama hilo, ndivyo watakavyofikiri. Nikaidumbukiza kwenye trei ya karani mkuu, ambaye alikuwa ameshaondoka, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Katikati ya supu nikakumbuka ni nani hapa Wharrow mwenye masharubu mekundu, koti la kijani na mguu mbaya. Mwenyekiti wa halmashauri.

Ningeweza kumngoja Bwana Tattersall asubuhi nikamweleza ana kwa ana. Lakini yeye anafika saa tatu, na mlinzi akifungua geti saa mbili, wa kwanza kupekua trei ni mwenyekiti. Usiku huu naifuata ripoti: dirisha la choo cha wanaume halina komeo. Ni dogo, lakini wiki hizi mbili nimekonda.