Kabati la Mafaili na Jogoo wa Mtani

Jumatatu, 2 Juni 1975

Kabati la mafaili la ofisi ya kijiji limefungwa. Ufunguo anao Mwanamkuu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Juzi, kwenye mazishi ya baba yangu mkubwa, aliuchomoa mfukoni mwangu mbele ya waombolezaji. Akasema yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, tu watani tangu wazee walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani, na ufunguo sitauona mpaka nimletee jogoo. Watu wakacheka. Hata mjane!

Jogoo, kwa mali ya serikali! Nilimwambia huu ni wakati wa ujamaa, utani wa makaburini umepitwa. Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka mkoani, Ndugu Modest. Akiyakuta mafaili yamenyooka, mimi karani Mfaume nitakuwa katibu wa kijiji. Nitalifungua bila ufunguo. Kabati ni bati tu, na mimi nimesoma mpaka darasa la nane.

Jumanne, 3 Juni

Nimegundua kasoro. Kutu! Dawa ya kutu ni mafuta, lakini duka la ushirika limekauka. Nikachukua samli ya mke wangu Zamda, nikaipasha moto, nikaimimina kwenye kitasa na katika kila ufa wa juu. Chupa nzima. Kabati limekunywa yote na halikufunguka. Zamda aliuliza samli iko wapi. Nikamwambia imeitikia wito wa taifa. Nimelala njaa.

Jumatano, 4 Juni

Leo spoki. Yahaya, fundi baiskeli, aliniazima akanionya nisiilazimishe. Fundi baiskeli anajua nini kuhusu makabati? Nikailazimisha. Nusu yake imebaki ndani ya kitasa.

Mwanamkuu alipita, akanisalimia kwa upole uliozidi, akauliza kama jogoo bado anatafakari. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma: namwonea wivu. Wanakijiji wanampenda, na hata hajitahidi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata njia ya busara. Nimpe jogoo kimyakimya, niseme ni mchango wa kisomo. Nikampelekea. Akampokea kwa vigelegele, kijiji kizima kikatoka nje kutazama. Ufunguo nikapewa kwa heshima zote.

Haukuingia. Spoki! Nimelia kidogo nyuma ya ofisi. Kisha nguvu zikanirudia. Mkaguzi ni mtu mwenye kazi nyingi, hatataka kufungua kila kitu.

Ijumaa, 6 Juni

Ametaka kufungua kila kitu.

Akaitwa Lukumani mhunzi, akapasua bati la nyuma kwa patasi. Mafaili yakatoka yananukia pilau ya Idi. Samli imepenya mpaka la mwisho. Karatasi ukiiinua unamwona mtu wa upande wa pili. Sisimizi walikwisha kufanya ukaguzi wao. Ndugu Modest akauliza nani mwingine hapa kijijini anajua kuandika. Ukatibu kapewa Mwanamkuu.

Lakini mtu mwenye akili haanguki, huinama tu. Walipokuwa wakila jogoo wangu, nikauchukua mezani ufunguo wa Landrova ya mkaguzi. Nikatangaza kwa sauti kwamba utani ni mila tukufu ya wazee, na mali ya serikali haina kinga. Alete mbuzi, na ukatibu juu yake! Nikatimua mbio mpaka nyumbani, nikajifungia.

Zamda yuko nje ya dirisha, analia. Anasema Ndugu Modest ni mtu wa Bukoba, na sisi na watu wa Bukoba hatuna utani hata chembe. Basi tunauanzisha leo. Kila mila ilikuwa na mtu wake wa kwanza.

Mgambo wanagonga mlango. Bila shaka wameleta mbuzi.