Ombi la Kurudishiwa Kelele za Magari ya Mbio

Musinzira, Gitega
Mei 2014

Kwa Wakubwa wa Mbio za Magari,
Huko Ulaya mliko.

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na masikio yenu yamepumzika vizuri. Mi naitwa Riziki, nina miaka kumi na sita. Mbele ya watu siwezi kutaja hata jina langu bila kuangalia viatu, ndiyo maana naandika. Nimetumwa na watu wanaoangalia mbio zenu kila Jumapili katika ukumbi wa mjomba wangu Waziri. Wamenichagua kwa sababu shuleni nasoma Kifaransa na Kiswahili nimezaliwa nacho. Kama nataka, hakuna aliyeniuliza.

Kwanza tunashukuru kwa mabadiliko ya mwaka huu. Tumeona jinsi mnavyotujali. Malalamiko yetu ni haya tu:

1. Mafuta. Siku hizi dereva bingwa anaambiwa redioni apunguze mguu, mafuta yasije yakaisha. Madereva wa taksi wanaokaa benchi la mbele wamekasirika. Wao wiki nzima wanazima injini kwenye mteremko, na hakuna aliyewapa kikombe.

2. Bawa la nyuma, lile linalofunguka kwa ruhusa ili mtu ampite mwenzake. Mi nilidhani ruhusa inaombwa darasani tu, ukitaka kwenda chooni.

3. Mbio za mwisho wa mwaka kuhesabiwa pointi mara mbili. Hapa watu wa ukumbi wamekasirika sana. Mimi binafsi, kwa jinsi nilivyoanza mwaka katika hesabu, naona ni wazo la busara. Lakini nimetumwa.

4. Kelele. Hapa naomba mkae vizuri.

Zamani gari zenu zilinguruma mpaka glasi zikatembea mezani. Mjomba alisimama kando ya televisheni na mikro yake, yaani kipaza sauti, akatueleza mbio kwa Kiswahili. Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour, lakini kelele zilimfunika mtangazaji Mfaransa wa kwenye televisheni, basi mjomba akawa anatazama picha na kusema alichokiona. Dereva akiingia kubadilisha matairi, ameitwa na mama mkwe. Wawili wakigongana, ni ndugu wanaogombania shamba la baba. Na ile gari inayotoka ghafla, wote wakajipanga nyuma yake bila kuipita, hiyo ni ya bibi harusi. Nani kwetu anampita bibi harusi barabarani? Hakuna. Basi ukumbi mzima ulipiga vigelegele, Mama Kadidja muuza sambusa akiongoza. Mi nilikaa nyuma kabisa, karibu na spika, nikimsikia Mfaransa vizuri, na nilinyamaza. Samahani kusema, mbio za mjomba zilikuwa nzuri kuliko zenu.

Mwaka huu mkatuletea injini zinazonung'unika kama cherehani. Mfaransa akasikika neno kwa neno. Mwezi uliopita bibi harusi alipotoka, Birindwa, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Uvira, akasimama: “Ee Papa Waziri! Uyu Mufaransa anasema ni gari ya usalama, sababu kuko ajali. Arusi iko wapi?” Chabani fundi magari akadakia: “Na mahari alikula nani?” Watu walicheka mpaka benchi likapinduka.

Mjomba hakucheka. Aliweka mikro juu ya friji, akatoka. Asubuhi akapanda basi kwenda Muyinga kwa dada yake, mama mdogo Zaituni. Huko anakaa dukani. Ukimuuliza habari za magari, anakujibu bei ya chumvi.

Mikro nimepewa mimi. Natafsiri kila kitu sawasawa: joto la matairi, hali ya betri, mwelekeo wa upepo. Mi naangalia viatu, watu wanapiga miayo. Mabenchi ya nyuma yameshabaki tupu. Juzi Birindwa mwenyewe, yeye aliyeanzisha, alininong'oneza: “We mutoto, tia mo uongo kidogo.” Siwezi. Nikidanganya masikio yanawaka moto. Kwa mjomba ni kipaji. Kwangu ni homa.

5. Kwa hiyo rudisheni kelele, mjomba arudi nyumbani. Msiseme hatukujitahidi. Chabani alileta pikipiki isiyo na egzosi mpaka ndani ya ukumbi, akaingurumisha mbio nzima. Mfaransa hakusikika, ni kweli. Televisheni nayo haikuonekana kwa moshi, na sambusa zilinuka petroli.

6. Kelele zikiwashinda, mwambieni Mfaransa anyamaze. Tutamwombea.

7. Na hilo likiwashinda, badilisheni sheria moja tu, ndogo, nyie ambao kila mwaka mnabadilisha kubwa. Ile gari ya usalama ivisheni maua, na ndani yake akae bibi harusi. Hapo mjomba atakuwa hakusema uongo. Atakuwa aliwahi tu.

Nisalimieni madereva wote, waliomaliza na walioishiwa mafuta, mafundi wa matairi, na familia zenu. Hata Mfaransa msalimieni, ila kwa sauti ya chini.

Ni mimi, kwa heshima na aibu nyingi,
Riziki binti Houssein

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mama mdogo Zaituni amepiga simu. Kumbe Muyinga kuna ukumbi ambao televisheni yake imekufa spika: picha iko, sauti hakuna kabisa. Jumapili moja mjomba alipita mlangoni, akaona watu wamekaa kimya wanatazama gari zikizunguka bila maelezo, akashindwa kujizuia. Sasa watu wanatoka mbali, hata Giteranyi, wanakuja kwa baiskeli kumsikiliza. Chumvi ameiacha. Basi, Waheshimiwa, msirudishe chochote. Mkiweza, ondoeni hata hiyo sauti iliyobaki. Mikro nimemkabidhi Birindwa. Mimi Jumapili naenda Muyinga, nitakaa benchi la nyuma, na Kifaransa changu nitakiacha Gitega.