Injini Inachemka, Bibi Harusi Anangoja

Jumatatu, 30 Machi

Imefika! Pikipiki yangu mpya ya theluji. Nyeusi, inang'aa, injini ya kupozwa kwa maji. Si kama kopo la shemeji yangu Issát, lenye feni inayokohoa tangu enzi za babu yake. Jumamosi ya Pasaka Sunná anaolewa. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemvuta kwenye sleji, kile kigari cha kuteleza, kuvuka ziwa lililoganda, mpaka kanisani. Kijiji kizima kitajipanga ukingoni kututazama. Baada ya hapo hawatakuwa na ujanja. Watanitungia wimbo.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Nimepita hamsini na sina joiki yangu, ule wimbo wa kwetu anaotungiwa kila mtu wake mwenyewe. Issát alitungiwa yake akiwa bado ananyonya. Mke wangu Risten anayo. Hata mbwa wa Issát anayo, na wanaume wazima wanaiimba wakichunga kulungu wa theluji! Mimi nikipita, watu wanakohoa tu. Inaniuma sana.

Nimeng'oa vile vyuma viwili vinavyoning'inia chini ya pikipiki na kukwaruza barafu. Kelele kama mtu anasugua sufuria. Bibi harusi hapelekwi kanisani kwa makelele ya jikoni.

Jumanne, 31 Machi

Majaribio ziwani. Upepo umefagia theluji yote, barafu imebaki tupu. Mwendo mtamu! Kabla sijafika katikati, taa nyekundu ya joto ikawaka. Kisha mvuke. Nikazima injini na kukunja mikono, kama mtu aliyesimama kutazama milima.

Issát alikuwa karibu, anavua samaki kwenye tundu alilotoboa barafuni. Akapaza sauti hadi ng'ambo ikasikia: "Shemeji! Kahawa ishaiva, nilete vikombe?" Nikamjibu kwamba naipasha moto kwa makusudi, injini mpya ndivyo zinavyofunzwa. Akasema basi hii imehitimu.

Jumatano, 1 Aprili

Kazi ya ufundi. Nimemwaga maji ya rejeta, nimetoa hewa kwenye mipira, nimeng'oa themostati. Nimezunguka uani kwenye theluji ya magotini, raundi baada ya raundi. Injini baridi kabisa! Ugonjwa ulikuwa themostati. Sikumwita fundi, sikumuuliza mtu. Kichwa tu.

Kero moja ndogo. Yale maji machafu niliyakingia kwenye sufuria kubwa ya Risten, ambayo kumbe ilikuwa ya nyama ya harusi. Risten ameuliza kama nataka kuua ukoo mzima au upande wake tu. Sufuria imetupwa. Nalala kwenye kochi.

Alhamisi, 2 Aprili

Ziwani tena. Imechemka tena!

Nimekaa nikafikiri kisayansi. Uani haichemki. Ziwani inachemka. Ziwani kuna nini ambacho uani hakipo? Issát!

Nikamfuata pale tunduni, nikamwambia wazi kwamba anaihujumu mashine yangu. Hakukasirika, jambo linalothibitisha hatia. Akaanza kunieleza kama mtoto. Eti rejeta ya mashine hizi iko chini ya tumbo, na inapozwa na theluji inayorushwa na mkanda unaozunguka chini badala ya magurudumu. Eti barafu tupu hairushi kitu, ndiyo maana vile vyuma vikawekwa, vikwangue barafu, unga wake urukie rejeta. Nivirudishe. Ama nipite njia ya msituni, kwenye mibetula, ambako theluji bado ni laini.

Msituni! Kwenye alama za mkanda wake, nyuma ya miti, ambako hakuna jicho la kuniona! Nimemshukuru kwa ubaridi. Mtego mtupu.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Sunná amekuja. Amekaa, amekunywa kahawa, amezungukazunguka, mwishowe akasema, "Baba, si tupite tu msituni? Mimi nataka kufika. Kutazamwa sitaki."

Maskini, ana woga wa bibi harusi. Nimemwambia atafika kama malkia. Akamtazama Risten. Risten akatazama dari.

Jumamosi, 4 Aprili

Jua. Kijiji kizima ukingoni. Sunná kwenye sleji, vazi jekundu na bluu, mapambo ya fedha kifuani yanalialia. Nikaondoka kwa kishindo, na watu wakapiga kelele. Zile kelele! Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu.

Taa nyekundu. Nikaifunika kwa glavu. Haikusaidia. Mvuke ukanipanda usoni, sikuona kanisa, sikuona ziwa. Injini ikatoa pssssss moja ndefu, ikafa katikati kabisa, mahali panapoonekana na kila mtu.

Nikamwomba Sunná ashuke anisaidie kutafuta theluji. Hakuna hata konzi moja. Kengele zikaanza kulia. Sunná akaanza kulia pia, nikamsihi asinililie juu ya injini, machozi yana chumvi. Hapo akafuta machozi, akanitazama kwa namna ambayo sijaielewa.

Kutoka msituni likaja lile kopo, linakohoa. Issát akashuka. Akafunga sleji nyuma yake, wakaondoka. Nikaenda kwa miguu, nikateleza mbele ya hadhara, nikaingia kanisani watu wanatoka.

Kwenye karamu Issát akasimama. Akaanza joiki, mpya, hakuna aliyewahi kuisikia. Inaanza kwa kishindo, inapanda, inajidai, inapanda tena. Halafu pssssss. Ukumbi ukavunjika mbavu. Watu wakaidaka papo hapo, meza kwa meza. Sunná aliimba kuliko wote, macho kwangu.

Nililia mbele za watu.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Nina wimbo! Asubuhi watoto wameuimba dirishani, hadi ile pssssss, ambayo bila shaka ni upepo wa mwendo kasi. Na desturi yetu ni kwamba joiki ni mali ya anayeimbwa, si ya aliyeitunga. Issát amekwisha kunipa, hawezi kuninyang'anya. Maskini, hakufikiria hilo.

Risten anasema watauimba hata nikifa. Mara ya kwanza wiki hii ananiambia neno zuri.

Ile pikipiki nimeichunguza tena. Kosa ni uzito. Nimekata madigadi ya mpira ya nyuma, ile inayozuia theluji isitoroke. Sunná akipata mtoto, mimi ndiye nitakayempeleka kubatizwa, kwa njia ya ziwani. Vile vyuma viwili vinafaa sana kuanikia soksi.

Nimepita kwa Issát kumwomba arefushe kile kipande cha mwisho cha wimbo, cha upepo. Amekubali bila hata kubishana.